Fuvu Lililoota Meno

Kwa miaka mingi, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na baiskeli, niliamini kwamba daktari wa misheni alikuwa na sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya fuvu, na kwamba fuvu hilo liliota jino jipya kila mgonjwa wake alipofariki.

Usinicheke. Hata wewe ungeamini kama ungesimuliwa na wachimbaji wa Mwakitolyo, watu waliokuwa na kipaji cha kukueleza shimo lao la dhahabu mpaka ukakohoa vumbi ukiwa umekaa kwako. Walisema wamemwona kwa macho yao. Mchimbaji akifa wodini, na hana ndugu wa karibu, daktari mwenyewe hufuata jeneza mpaka makaburini nyuma ya hospitali. Udongo ukianza kurudishwa, huingiza mkono mfukoni mwa koti, hutoa sarafu, huitazama, huirudisha. Anatazama nini? Anatazama kama jino limeota. Mmoja wao aliniapia kwamba alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi akasikia "kech," kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni.

Hiyo "kech" niliitembeza Nyasubi nzima. Kila niliposimulia niliiongeza kidogo, na ikafika siku nikaanza kuisikia mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, mbali kabisa na kaburi lolote.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa fundi mmoja wa vito pale Nyasubi, mjini Kahama. Masonara wengi wa enzi hizo walikuwa Wahindi. Huyu alikuwa Msukuma mwenzetu, aliyejifunza kazi kwa Mhindi mmoja Shinyanga mjini, na Mhindi alipofunga duka akamwachia fuawe la chuma, koleo na tupa. Mji mzima ulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Mchana nilimvutia mvukuto. Jioni nilikwenda shule ya jioni, kwa kuwa zilikuwa zile zama za elimu ya watu wazima, ambapo hata bibi aliyeota mvi alidaiwa kusoma ubao. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na mimi nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote waliokuwa hodari. Nilijua mito ya Afrika kwa kichwa. Nilijua pia kwamba fuvu la daktari linaota meno, na elimu hizi mbili zilikaa kichwani mwangu bila kugombana.

Fundi alikuwa na ngiri. Sitoboi siri, Kahama yote ilijua. Ulikuwa uvimbe chini ya kinena, wenye ukubwa wa limau, ingawa mimi nikisimulia ulifika ukubwa wa nazi. Aliufunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akakaa, akafanya kazi yake bila taabu. Kuchonga pete aliweza. Kuyeyusha fedha aliweza. Asichoweza ni kuinua jembe.

Na hapo ndipo palipomuuma kuliko ngiri yenyewe. Sisi wa Nyasubi tulijiita watu wa mjini, lakini tulizikana kama kijijini. Mtu akifa, kila mwanamume wa mtaa anakuja na jembe kuchimba kaburi. Asiyekuja anatozwa faini ya mbuzi au mtungi wa pombe, kwa amri ya nsumba ntale, yaani yule kiongozi wa vijana anayepiga filimbi kuita watu kazini na misibani. Mwanzoni Fundi alikuja bila jembe, akasimama pembeni, wakamvumilia. Halafu wakamtoza. Akalipa, akatania, akalipa tena. Kisha ikatokea siku aliyokosa kabisa kwenda, maumivu yalikuwa yamemlaza, na hawakumtoza kitu. Nsumba ntale alipita mbele ya karakana yetu na filimbi shingoni, akatusalimia, akaenda zake.

Fundi aliiweka tupa mezani.

"Wamenisamehe?" aliniuliza.

"Wamekusamehe, Fundi."

"Mjinga wewe. Anayetozwa ni mtu wao. Mimi wameshaniondoa." Akapuliza vumbi la fedha mezani. "Siku yangu ikifika atanichimbia nani? Wewe peke yako na hilo koleo?"

Basi kumbuka hilo. Alichokitaka Fundi duniani, kuliko dhahabu yote ya Geita, ni kurudi makaburini na jembe begani.

Daktari alikuwa ameshamwambia mara nyingi kwamba ngiri hukatwa na kushonwa. Alikuwa Mholanzi mzee, mrefu kama nguzo ya simu, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini Kisukuma kimenyooka kuliko changu. Hospitali yake ilikuwa mbele huko, njia ya kwenda Ushirombo. Siku moja ya kiangazi, saa za adhuhuri, gari lake lilisimama mbele ya karakana. Soko lilikuwa limelala. Kimbunga cha vumbi kilikuwa kikizunguka katikati ya barabara peke yake, kikatembea, kikafika mlangoni petu, kikafa. Ndani ya vumbi lile akatokea daktari.

"Mwadila," alisalimia, akiinama apite mlangoni.

"Mwadila, mhola?" Fundi alimjibu.

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Mimi nikaacha mvukuto. Alichokiweka juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, kilikuwa ile sarafu. Nakuambia ukweli, nywele za mikononi mwangu zilisimama kama majani ya mkonge.

"Sikio limekatika," alisema. Alimaanisha kile kijipete cha juu cha kupitishia utepe. "Unganisha sikio tu. Ilikuwa ya babu wa babu wa babu yangu. Alikuwa mpasuaji."

"Nitaunganisha," Fundi alisema.

"Ukimaliza, uje nayo wewe mwenyewe. Nitakukata ngiri yako siku hiyo hiyo. Ukija nayo mkononi nitajua kweli umekuja." Alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka, akaitazama sarafu pale juu ya kitambaa kama mtu anayemwacha mtoto kwa jirani. "Lakini upesi, Fundi. Sitaki mtu azikwe na mimi sina hii."

Akainama, akatoka.

Sasa ngoja nikueleze ile sarafu ilivyokuwa, maana niliitazama mpaka ikanitazama. Upana wake ulijaza kiganja. Upande mmoja kulikuwa na fuvu juu ya mifupa miwili iliyopishana, na juu ya fuvu saa ya mchanga yenye mabawa mawili, moja la ndege, la pili la popo. Upande wa pili kulikuwa na fimbo iliyozungukwa na nyoka, kando yake msumeno mdogo na kisu, na chini yake jina la mtu kwa herufi zenye mikia. Yote yalikuwa yamefifia kwa weusi wa miaka. Kwenye mashimo ya macho weusi ulikuwa umeshiba kabisa. Chini ya pua hapakuwa na kitu, paliziba, kama mdomo uliofumbwa.

Fundi aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. Alipenda kusoma kazi za mafundi wenzake kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Hii haikugongwa na mashine," alisema. "Imemiminwa kwenye kalibu. Ona vitundu ukingoni, ni hewa ilibaki. Kisha mtu akapita na kisu cha kuchorea. Na huyu mtu," akagusa shavu la fuvu kwa kucha, "alikaa na fuvu la kweli mbele yake. Huwezi kubuni huu mbonyeo. Alilitazama siku nyingi."

"Na jina?"

"Jina limechorwa baadaye, na mkono mwingine. Mkono mwepesi, wa haraka." Akafikiri. "Maana yake kalibu ilikuwa moja, wakamimina nyingi zinazofanana. Halafu kila moja ikaandikwa jina la mtu."

Angekaa kimya ingekuwa heri. Mimi kichwani niliona papo hapo chumba kizima huko Ulaya, kuta zake zimetundikwa mafuvu ya fedha, kila moja na jina, yote midomo imefumbwa, yote yanasubiri.

Mchana huo huo alipita Myeye mmoja, yaani mtu wa kile chama cha wacheza nyoka, kuchukua bangili zake za shaba. Alikuwa na chatu ndani ya gunia, na gunia lilijongea lenyewe sakafuni huku tukiongea. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha. Alipoona nyoka wa kwenye sarafu aliangua kicheko.

"Nani kachora huyu? Ana kope! Nyoka wa wapi anafumba macho? Huyu fundi hajamshika nyoka hata mfu."

"Geuza," Fundi alisema.

"Nigeuze mimi? Geuza wewe."

Fundi akaigeuza. Yule bwana akaliona fuvu, na kicheko kikamkauka. Alitazama bila kugusa, mikono kaiweka mgongoni.

"Hiki ni chama," alisema. "Kama sisi. Fimbo ya nyoka ni dawa. Msumeno ni kazi. Ukiona wanaweka na fuvu, basi wamekula kiapo juu ya mfu. Mambo ya chama cha watu hayashikwi na asiyeingia." Akabeba gunia lake. Mlangoni akageuka. "Fundi, umeishika kwa mkono upi?"

Fundi alikuwa ameishika kwa yote miwili.

Kesho yake tukaunganisha sikio. Fedha haiungwi baridi, lazima iwekwe tinkali, ile chumvi ya masonara, kwenye kiungo na kupigwa moto, na ikishapigwa moto inatoka imeungua, nyeusi kama sufuria ya msiba. Kwa hiyo kazi ya vito ina hatua ambayo haikwepeki: unaichemsha kwenye maji ya ukwaju. Ule ukali wa ukwaju unaula ule weusi, fedha inarudi nyeupe kama maziwa, ndipo unaisugua kwa majivu laini. Nimefanya hivyo kwa pete na vikuku vya nusu ya maharusi wa Kahama. Nilikuwa nikiimba siku hiyo pia. Nilikuwa nimetoka kusikia barabarani kwamba mchimbaji mmoja aliyeangukiwa na shimo amekufa huko misheni alfajiri, nikawa naimba ili nisifikirie.

Nikaitoa sarafu kwenye sufuria kwa koleo la mti. Nikaipangusa. Fuvu likanichekea.

Meno! Safu nzima, juu na chini, meupe, kila moja limesimama peke yake, mahali ambapo jana palikuwa pamefumbwa. Mdomo ulikuwa umefunguka. Kelele nilizopiga zilisikika, sisemi uongo, mpaka Tabora. Sarafu ikaniponyoka, ikaviringika sakafuni kwa ukingo wake, taratibu, ikazunguka miguu ya Fundi, ikalala, fuvu juu.

Fundi aliinama kwa shida, akaiokota. Nilimwona akipapasa meno yale kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa safu. Pale mwishoni palikuwa na kijivimbe kidogo, duara, bado hakijawa jino kamili.

"Hili bado linaota," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ile sauti ya kawaida ndiyo iliyonitisha. "Hili ni langu."

Akaifunga kwenye kitambaa. "Utampelekea wewe. Mimi siendi."

"Na ngiri, Fundi?"

"Ngiri yangu nimeizoea. Hilo sijalizoea."

Mke wake alisikia yote kutoka uani alikokuwa akitwanga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozidi kimo chake mara nyingi. Aliingia na mchi mkononi.

"Baba watoto, unaogopa jino la fedha? Na hayo yako yanayotikisika mdomoni kama kengele za ng'ombe, hayo huyaogopi?"

"Mama watoto, wewe hukuliona lilivyofunguka."

"Nimeliona. Na wewe kijana," akanigeukia na mchi, "hizi habari za meno ulizisambaza wewe hapa mtaani. Ndiyo elimu ya jioni hiyo?"

"Mama, mimi niliyasikia kwa wachimbaji."

"Wachimbaji! Wanaona dhahabu kila jiwe, hawakosi kuona meno kila fuvu."

Lakini Fundi alikataa, na alipokataa jambo alikuwa kama fuawe, huligeuzi. Siku zikapita. Sarafu ilikaa kwenye kitambaa chake juu ya rafu, na hakuna kati yetu aliyeigusa. Ajabu ni kwamba karakana ilibadilika. Panya walihama. Makaa yalishika moto shingo upande. Wateja waliingia wakiongea, wakifika katikati ya chumba wanashusha sauti bila kujua kwa nini. Niliapa, na bado naweza kuapa, kwamba kitambaa nilikiacha kimekunjwa kushoto na nilikikuta kimekunjwa kulia.

Halafu asubuhi moja Fundi alishindwa kunyanyuka kwenye kigoda. Uvimbe ulikuwa umetoka, umekuwa mgumu, haurudi ndani kwa namna yoyote. Alijaribu kuusukuma kama alivyozoea, akatapika. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu yetu ya kusugulia.

"Twende hospitali," mke wake alisema.

"Siendi."

"Utakufa hapa."

"Nikifa hapa, nitakuwa nimekufa kwangu. Kule ninasubiriwa."

Mwanamke yule alimtazama. Kisha akafanya kitu ambacho mimi, msomi wa mito yote ya Afrika, nisingethubutu. Alienda kwenye rafu, akachukua sarafu, akafungua kitambaa, akaishika kwa mkono mtupu. Akalitazama lile fuvu ana kwa ana.

"Unahesabu?" aliliuliza. "Haya, nihesabu mimi kwanza." Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akamgeukia mumewe. "Sasa limeshanishika mimi. Ukibaki hapa nitakwenda peke yangu, nikupe habari nikirudi. Kama nitarudi."

Fundi alilia. Sijawahi kumwona akilia kabla wala baada ya hapo. Akasema, "Niinueni."

Tulipata lori la pamba. Dereva alituruhusu tumlaze Fundi juu ya marobota, nami nikakaa kando nikimshika asianguke kwenye makorongo. Nyuzi za pamba zilipeperuka na kumshika usoni, kwenye nyusi, kwenye ndevu, mpaka akawa mweupe wote, kama mtu aliyeanza kuandaliwa. Nilizipangusa, zikarudi. Mara moja tu alifumbua macho.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Nini, Fundi?"

"Kech," alisema.

Mimi nilikuwa nimeisikia pia.

Daktari alitupokea mlangoni. Hakusalimia. Aligusa tumbo la Fundi, akatoa amri kwa Kisukuma, machela ikaja mbio. Mke wa Fundi alifungua pindo la kanga, akampa sarafu. Daktari aliigeuza, akaona sikio limeunganishwa, akaona weupe wake, akalitazama fuvu na meno yake yote wazi, na nyusi zake zikapanda juu. Akainama kwenye machela.

"Nimeiona," alimwambia Fundi. "Basi umekuja."

Maneno hayo tu. Milango ikafungwa.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Makaburi yalikuwa palepale, nyuma ya mpapai, na udongo wa yule mchimbaji ulikuwa bado mwekundu. Mke wa Fundi alikuwa akijitazama kiganja chake, anakigeuza, anakitazama tena. Hakuna aliyepita. Hata kuku wa misheni walikuwa wamesimama kivulini bila kudonoa. Nilisali sala zote nilizozijua, za Kikatoliki kwanza, kisha nikawaita mababu, kisha nikarudi kwa Wakatoliki.

Jua lilikuwa limeinama mlango ulipofunguliwa. Alitoka Sista mmoja, muuguzi wa chumba cha upasuaji, Msumbwa wa upande wa Ushirombo, apuroni yake ina madoa.

"Mzima," alisema. "Utumbo ulikuwa umenyongwa, lakini mmemuwahisha. Mzima."

Tukaingia. Fundi alikuwa amelala, dawa ya usingizi bado inamlegeza midomo. Mke wake akamwinamia, akamwita. Fundi akatabasamu bila kufumbua macho. Na pale katikati ya tabasamu, mbele kabisa, palikuwa na pengo jeusi. Jino lilikuwa limekwenda.

Mke wake alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia. Fuvu lilikuwa limedai jino, na jino limetolewa, na mtu amerudishwa. Tulikwenda nyumbani na imani hiyo, na Fundi alipopata nguvu naye akaikubali. "Alinifanyia hisani," alisema. "Alichukua kidogo." Hakuweka jino la bandia kamwe, ingawa angeweza kujitengenezea la dhahabu mwenyewe. Mimi ndiye niliyeitangaza hadithi hiyo mpaka Geita, na kila kituo Fundi alipoteza jino la ziada, hata nikisimulia Biharamulo alikuwa kibogoyo.

Lakini alipona. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mama mmoja wa mtaani alifariki, filimbi ikalia, na Fundi akatoka uani na jembe begani. Nsumba ntale akasogea, akamwachia nafasi katika mstari wa wachimba kaburi. Fundi alichimba mpaka akavua shati, na hakuna aliyemzuia.

Miaka ilipita. Nilihitimu shule ya jioni, cheti changu nikakitia fremu ya shaba niliyoifua mwenyewe. Daktari alizeeka, hakurudi kwao, akafia palepale misheni. Watu walijaa kutoka Bukombe, kutoka mashimo ya Mwakitolyo, kutoka Nyasubi. Fundi alifika mapema kuliko wote, akaingia kaburini na jembe na hakukubali mtu ampokee.

Udongo ulipoanza kurudishwa nilijikuta nimesimama karibu na yule Sista. Alikuwa amezeeka naye. Akaingiza mkono mfukoni mwa apuroni, akatoa sarafu, akaishika wazi kiganjani juu ya kaburi. Ikang'aa.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba."

"Sista, samahani sana," nilinong'ona. "Leo litaota la nani? La daktari mwenyewe?"

"Litaota nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote pale pale, kwa haraka, meno, kech, ukwaju, kijivimbe, pengo la Fundi, huku majembe yakiendelea. Hakucheka. Alisubiri nimalize, kama wauguzi wanavyosubiri mgonjwa amalize kukohoa.

"Meno yalikuwapo tangu ilipotengenezwa," alisema. "Yalijaa masizi na nta. Mliisafisha, mkayaona. Hicho kijivimbe ni hewa ya kalibu, muulize Fundi wako. Jino lake lilikuwa linacheza, nikaling'oa mimi kwa mkono huu kabla ya kumpa dawa ya usingizi, lisije likamkaba. Nililitupa kwenye ndoo."

"Na hii yenyewe? Kwa nini aliitoa kila mtu alipozikwa?"

"Ndiyo kazi yake, Kaka, na wafu wasio na ndugu daktari aliwahesabu kuwa wenzake. Huko kwao zamani sana wapasuaji walikuwa na chama. Kila mmoja alipewa ya kwake, na jina lake. Mwenzako akifa unakwenda kuzika, unaitoa, inaonekana umekuja. Usipokuja, unatozwa faini."